Kifua kilichobonyea, kifua cha njiwa au ugonjwa mwingine: ulinganisho kwa wafiziotherapia wa Uganda

Vifua vingi vyenye umbo lisilo la kawaida hugunduliwa kwa bahati. Mtoto ameletwa kwa sababu ya mgongo, mguu au kikohozi kisichoisha, shati linavuliwa, na kifua kinajionyesha chenyewe. Ukikitazama kutoka hatua mbili, kifua cha njiwa cha kijana anayebalehe na kifua cha mtoto mwenye riketsi (mifupa kulainika kwa kukosa vitamini D au kalsiamu) vinafanana. Ukiuliza kilianza lini, ukakibonyeza kwa kiganja, kisha ukashika vifundo vya mikono, vinaachana mara moja. Ulinganisho huu umejengwa juu ya mambo hayo matatu: umri, ulaini wa ukuta wa kifua, na kinachoambatana nacho mahali pengine mwilini.

Jina la Kilatini linaweza kusubiri. Siku hiyo unatakiwa kuamua kama mgonjwa abaki kwako, aende karakana ya viungo bandia, au atangulie kwenye eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), eksirei au kliniki ya kifua kikuu.

Jinsi ya kutazama na kupima

Mwanga utoke dirishani upande mmoja, usitoke mbele. Mwanga wa mbele hufuta vivuli, na kifua kilichobonyea sentimita moja huonekana bapa kabisa. Msichana abaki na mama yake au mhudumu wa kike ndani ya chumba, na awe na leso ya kujifunika sehemu usiyoitazama. Mtazame mbele, ubavuni na mgongoni akiwa amesimama. Kisha alale chali, nawe uiname usawa wa kitanda upande wa miguu yake, uone mbavu zinavyopanda na kushuka anapovuta pumzi ya kawaida na pumzi ndefu.

Kina cha shimo hupimwa kwa rula mbili. Moja inalazwa kukingama kifua, ikiegemea sehemu za juu zaidi za kushoto na kulia. Ya pili inashuka wima hadi chini kabisa ya shimo. Andika milimita mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida, halafu akiwa amejaza mapafu. Andika pia umbali kutoka kishimo cha koo hadi mahali ulipopima, la sivyo miezi mitatu baadaye utapima mahali pengine na kudhani amepona.

Unene wa kifua, yaani kutoka mgongoni hadi kidarini, hauhitaji kifaa cha pekee. Mgonjwa alale juu ya ubao mgumu, weka rula juu ya kifua iwe sambamba na ubao, upime kutoka ubao hadi rula. Upanuzi wa kifua pima kwa tepu usawa wa makwapa na usawa wa ncha ya chini ya kidari, mara tatu, uchukue kipimo kikubwa. Kijana mwenye afya kwa kawaida hufikisha sentimita 5 au zaidi. Chini ya 2.5 kwenye kifua chenye umbo zuri, fikiria viungo vya uti wa mgongo vilivyoshikamana. Kosa la kawaida hapa ni tepu ya kitambaa iliyolegea au iliyoteleza mgongoni bila mpimaji kujua.

Mwisho ainame mbele, viganja pamoja, magoti yamenyooka. Usiruke hatua hii hata kama shida inaonekana iko mbele tu. Simu nyingi zina kipimo cha mwinamo. Ukiilaza kukingama mgongo na ikasoma nyuzi 5, fuatilia. Ikifika 7, mtume apigwe eksirei ya mgongo wote akiwa amesimama.

Kilichobonyea na kilichotokeza

Kifua kilichobonyea, pektasi ekskavatumu, mara nyingi huonekana ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha na huongezeka kina wakati wa kubalehe. Kifua cha njiwa, pektasi karinatumu, kwa kawaida hakionekani mpaka mtoto anapoanza kurefuka kwa kasi, kati ya miaka 11 na 14. Vyote viwili huwapata zaidi wavulana, na vyote viwili hutokana na gegedu za mbavu kukua bila uwiano. Baada ya hapo vinatofautiana karibu kwa kila jambo.

Kilichobonyea huzama kwenye theluthi ya chini ya kidari. Kuna shimo jembamba lenye kina kama kikombe, na kuna shimo pana kama sahani. La pili hudharauliwa kwa sababu halitishi macho, kumbe linaweza kubana moyo vilevile. Upande wa kulia mara nyingi huzama zaidi na kidari kikajizungusha. Moyo husukumwa kushoto, kwa hiyo mpigo wake utaukuta mbali na ulipozoea, na mlio usio wa kawaida unaweza kusikika.

Hapa pana mtego unaowapata hata madaktari. Kwenye eksirei ya mbele, kifua kilichobonyea hufuta ukingo wa kulia wa moyo na kuacha kivuli kinachofanana na nimonia ya sehemu ya kati ya pafu la kulia. Mtoto anapewa antibiotiki mara mbili, mara tatu, hata anafikiriwa kifua kikuu, ilhali hana homa wala hakohoi. Ukikutana na historia ya namna hiyo, omba eksirei ya ubavuni. Inaonyesha kidari kilivyokaribia uti wa mgongo, na haina gharama kubwa.

Mtego wa pili ni wa watoto wachanga. Kifua kinachoingia ndani wakati wa kuvuta pumzi ni dalili ya nimonia kwenye miongozo ya huduma za watoto, na mtoto mwenye shimo la kuzaliwa anaweza kuingizwa kwenye kundi hilo kimakosa. Kosa la kinyume ndilo baya zaidi: kumwambia mama kuwa ndivyo mtoto alivyoumbwa, kumbe ana nimonia. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi kati ya miezi 2 na 11, 40 au zaidi kati ya miezi 12 na 59, ni za haraka, na huyo hahitaji rula yako, anahitaji matibabu siku hiyohiyo. Shimo la kuzaliwa lipo hata mtoto akilala usingizi mzito. Mvutano wa ugonjwa hupungua ugonjwa ukipungua.

Kwa kijana, malalamiko ya kweli ya kifua kilichobonyea ni kuchoka mapema anapokimbia. Akiwa ameketi mara nyingi vipimo vya mapafu viko sawa, kwa hiyo mpime kwa ngazi au kwa kukimbia. Oksijeni haitarajiwi kushuka. Ikishuka kwa oksimita (kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni) wakati wa mazoezi, usiitupie lawama shimo. Tafuta ugonjwa wa moyo au mapafu.

Ukali hupimwa kwa uwiano wa Haller kwenye picha ya CT: upana wa ndani wa kifua ugawanywe kwa umbali kati ya kidari na uti wa mgongo pale palipozama zaidi. Kawaida ni karibu 2.5, kuanzia 3.25 upasuaji huanza kujadiliwa. Mbinu inayotumika sana duniani ni ya Nuss, aliyoianzisha Donald Nuss mwaka 1987 huko Norfolk, Marekani: fito ya chuma inapitishwa chini ya kidari na kuachwa miaka 2 hadi 3. Mgonjwa aliyefanyiwa hivyo nje ya nchi akija kwako, usimzungushe kiwiliwili wiki za mwanzo, na usianzishe mazoezi ya nguvu kabla ya kusoma barua ya daktari wake wa upasuaji, kwa sababu fito inaweza kuteleza.

Mazoezi hayainui kidari. Yanyooshe mabega yaliyokunjwa, yaimarishe misuli ya mgongo, yaongeze pumzi ya kukimbia. Hayo yanatosha kuyapa nafasi, na mzazi aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Kifua cha njiwa ni habari njema zaidi kwa fundi. Mgonjwa asimame, mgongo ukutani, weka kiganja kwenye kilele cha kidari na ukisukume polepole. Kikirudi usawa bila maumivu, mkanda wa kubana una nafasi kubwa ya kufaulu. Kikisimama kama ukuta, na kijana amemaliza kurefuka, mkanda utamchosha bure.

Mkanda wenyewe hauhitaji kiwanda. Karakana nyingi za viungo bandia zenye uzoefu wa vifaa vya mgongo zinaweza kuutengeneza: bati mbili zenye sponji, moja kwenye kilele na nyingine mgongoni, zikiunganishwa na vipande vya aluminiamu vinavyopita ubavuni bila kugusa mwili. Hiyo nafasi ya ubavuni ndiyo siri ya kifaa, kwa sababu kidari kikisukumwa nyuma, mbavu lazima zipate pa kupanukia. Ndiyo maana bandeji ya mpira iliyozungushwa kifua kizima haifanyi kazi: inabana pande zote, kidari hakiendi popote, mtoto anapumua kwa shida. Aanze saa 1 au 2 kwa siku na kuongeza hadi saa 20 au zaidi, kisha usiku tu baada ya kifua kunyooka, mpaka aache kurefuka. Fulana ya pamba ndani, kwa sababu jasho ndilo linaloharibu ngozi. Wekundu usioondoka ndani ya nusu saa baada ya kuvua maana yake mkanda umekaza mno.

Wanafunzi wa bweni ndio wanaoshindwa zaidi, na kwa kawaida sababu ni aibu. Barua fupi kwa metroni husaidia kuliko mahubiri kwa mtoto. Kila mwenye mkanda mwone kila mwezi, maana gegedu laini inaweza kupitiliza na kugeuka shimo.

Vitatu vinavyoitwa "cha njiwa"

| | Karinatumu | Arkuatumu | Riketsi |
|---|---|---|---|
| Kinachotokeza | Sehemu ya kati na ya chini ya kidari | Sehemu ya juu, chini kidogo ya koo. Chini yake huenda pakazama | Kidari chote, na mfereji mlalo kwenye mbavu za chini pande zote |
| Kilipoanza | Kubalehe | Utotoni, kikiwa kigumu tangu mwanzo | Mara nyingi miezi 6 hadi miaka 5 |
| Ukibonyeza | Kinasogea | Hakisogei. Viungo vya kidari vimefungana mapema | Laini. Vinundu kama shanga pale mbavu zinapokutana na gegedu |
| Pengine mwilini | Skoliosi (mgongo uliopinda upande), mwili mrefu mwembamba | Kasoro za moyo za kuzaliwa | Vifundo vya mikono vinene, matege, kuchelewa kutembea |
| Hatua ya kwanza | Mkanda | Eko ya moyo. Mkanda hautafaa | Eksirei ya kifundo cha mkono, damu, daktari wa watoto |

Riketsi inahitaji maneno zaidi, kwa sababu nchi yenye jua kama Uganda huwafanya watu waisahau. Mwili unahitaji kalsiamu pia, na mtoto aliyeachishwa ziwa akalelewa kwa matooke (ndizi), posho (ugali) na muhogo bila maziwa wala mukene (dagaa) anaweza kuikosa hata akicheza juani kutwa. Kundi la pili liko mikononi mwako tayari: watoto wenye mtindio wa ubongo wanaofungiwa ndani na wanaotumia dawa za kifafa kama fenobabitoni au fenitoini, ambazo huharibu vitamini D mwilini. Mtoto wa namna hiyo akilia unaponyoosha viungo vyake, gusa vinundu vya mbavu kabla ya kuendelea kunyoosha. Mifupa laini huvunjika kwa nguvu ndogo. Kwa mtoto mdogo, umbo la kifua hurekebika kwa kiasi kikubwa baada ya matibabu, bila mkanda wowote.

Viko vifua viwili zaidi vinavyojificha chini ya jina hilo, na vyote ni hatari kuvikosa.

Cha kwanza ni cha moyo uliovimba. Moyo mkubwa tangu utotoni, uwe wa kuzaliwa nao au wa homa ya rumatiki, husukuma mbavu za kushoto mbele. Kilele kiko kando ya kidari, upande wa kushoto. Weka kiganja hapo: utahisi kinainuliwa kwa kila pigo. Mtoto huchoka haraka na huenda hakui vizuri. Huyu njia yake ni eko, na Uganda Heart Institute iliyoko Mulago ndipo rufaa za namna hii zinapoishia.

Cha pili ni cha kifua kikuu cha uti wa mgongo. Pingili zikioza na kukunjana, kidari husukumwa mbele, na mzazi huona mbele tu. Pitisha kidole kutoka shingoni hadi kiunoni. Kibyongo chenye ncha kali, kinachouma ukigonga, kinatosha kusimamisha kila kitu. Kikohozi kinaweza kutokuwepo kabisa. Usifanye mobilizesheni (kusogeza viungo kwa mikono), usimwinamishe kwa nguvu, angalia nguvu za miguu na uulize kuhusu mkojo. Miguu ikiwa dhaifu, rufaa ni ya leo.

Upande mmoja tu

Ukiona kifua kisicholingana kushoto na kulia, anza na mgongo. Kwenye skoliosi ya kifua, mbavu za nyuma huinuka upande wa mgongo uliotokeza, na mbele huinuka upande wa pili. Mgonjwa mwenye nundu nyuma kulia na uvimbe wa mbavu mbele kushoto ana shida moja, nayo iko kwenye uti wa mgongo.

Mgongo ukiwa umenyooka, mwambie abonyeze viganja pamoja mbele ya kifua. Ukingo wa mbele wa kwapa, ambao ni msuli mkubwa wa kifua, unapaswa kujikaza pande zote. Ukikosekana upande mmoja, tazama mkono wa upande huohuo: vidole vifupi au vilivyoshikana, chuchu ndogo iliyopanda, kwapa lenye nywele chache. Huo ni ugonjwa wa Poland, uliopewa jina la Alfred Poland aliyeuandika London mwaka 1841, na hutokea zaidi upande wa kulia. Usimpe miezi sita ya kuimarisha msuli ambao haupo. Nguvu za mkono kwa kawaida zinatosha kazi za kila siku. Msichana ambaye titi halikui, au mtoto mwenye vidole vilivyoshikana, apelekwe kwa upasuaji wa kurekebisha maumbo, kwa mfano hospitali ya CoRSU, Kisubi.

Kifua kilichosinyaa upande mmoja kwa mtu mzima kina historia: kifua kikuu kilichotibiwa, au usaha uliotolewa kwa mpira. Mbavu zimekaribiana, bega limeshuka, koromeo limevutwa upande huo, na tepu ukiigawa kushoto na kulia inaonyesha upande mmoja hausogei. Kati ya vifua vyote hapa, hiki ndicho ambacho fiziotherapia inakibadilisha zaidi. Alale ubavu mzuri chini, mkono wa juu ukiwa kichwani, kiganja chako juu ya mbavu zilizosinyaa, avute pumzi akisukuma kiganja, ashikilie sekunde 3. Mara 8 hadi 10, vipindi 4 kwa siku. Bega na mgongo vifanyiwe kazi pamoja, la sivyo skoliosi inafuata.

Uvimbe laini juu ya ubavu, usio na joto, unaweza kuwa jipu baridi la kifua kikuu. Hapana kukanda, hapana kupasha moto.

Pipa

Kwa mtu mzima unene wa kifua ni kama nusu ya upana wake, hadi 5 kwa 7. Vikikaribia kulingana, hilo ni pipa. Mtoto mchanga ana kifua cha mviringo kwa asili, kwa hiyo usimpe jina hilo.

Mzee mwenye kibyongo cha mifupa iliyochakaa anaonekana pipa akitazamwa ubavuni, na mapafu yake yanaweza kuwa mazima. Mwambie atoe pumzi yote kwa nguvu, mdomo wazi, huku ukisikiliza kooni. Ikizidi sekunde 6, njia za hewa zimebanwa. Tazama pia mbavu za chini: zikiingia ndani anapovuta pumzi, kiwambo (msuli mkuu wa kupumulia) kimekuwa bapa kwa hewa iliyonaswa. Wala usimwondoe mwanamke asiyevuta sigara kwenye orodha. Utafiti uliofanywa Masindi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 16.2 ya watu wa zaidi ya miaka 30 wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na moshi wa kuni ulikuwa karibu kila nyumba.

Dakika mbili za Marfan

Marfan ni ugonjwa wa kurithi wa tishu unganishi, unaoweza kutanua mshipa mkuu wa moyo. Kila kijana mwenye kifua kilichobonyea au cha njiwa apimwe mikono iliyotandazwa dhidi ya urefu. Uwiano ukizidi 1.05, endelea: akikunja ngumi na kidole gumba ndani, je, ukucha unatokeza upande wa pili? Akizungusha gumba na kidole kidogo kwenye kifundo cha mkono mwingine, je, vinapandana? Kwenye alama za Ghent za mwaka 2010, orodha ya pointi za kutambua Marfan, kifua cha njiwa kina pointi 2, kilichobonyea 1, dalili za kifundo na gumba zikiwa pamoja 3. Kuanzia 7 jumla inahesabika. Ukipima mwili wa juu kwa wa chini, kikomo kwa watu wazima weusi ni chini ya 0.78, si 0.85 iliyowekwa kwa Wazungu. Watu warefu wembamba ni wengi kaskazini mwa nchi, na urefu peke yake si dalili. Anayetiliwa shaka asinyanyue vyuma wala kucheza raga mpaka eko ionyeshe mshipa mkuu wa moyo haujatanuka.

Kwenye barua ya rufaa andika umri kilipoanza, milimita, kama kinasogea, nyuzi za mgongo na oksijeni. Picha zipigwe kwa ridhaa ya mzazi, mita moja na nusu kutoka kwa mgonjwa, mbele na ubavuni, uso ukiwa nje ya fremu. Kijana anayerefuka asiye na mkanda arudi kila miezi 3, na urefu wake uandikwe pembeni ya kila kipimo.